Tetemeko la Ardhi na Mizani ya Dunia

Msomaji kijana, yako makosa ya namna mbili katika maisha ya mwalimu. La kwanza ni kutojua jambo, na hilo husamehewa, maana hapana mtu aliyezaliwa na elimu mkononi. La pili ni kutojua jambo, kisha kumwaibisha aliyelijua. Hili la pili nimelitenda mimi. Nataka kukusimulia habari yake, kwa kuwa ndani yake imo elimu ambayo huenda hujaisikia: jinsi tetemeko la ardhi linavyobadili nguvu ambayo kwayo dunia hutuvuta sote, na jinsi wataalamu wanavyolihesabu badiliko hilo.

Nafundisha Kitengela, mji uliokua upesi katika nyanda zilizo kusini ya Nairobi. Palipokuwa malisho ya ng'ombe pana maduka na nyumba za ghorofa, na katika barabara kuu iendayo Namanga malori hunguruma tangu alfajiri mpaka usiku. Mwaka 2022 nilikuwa na darasa la saba. Niliwafundisha kwamba dunia huvuta kila kitu kwa nguvu iitwayo uvutano, na kwamba uzito si kitu kingine ila kipimo cha nguvu hiyo. Kisha nikawapa maswali ya kujibu katika daftari. Swali la mwisho lilikuwa hili: Je, uvutano wa mahali pamoja hubadilika? Nilitaka jibu la neno moja: la. Wote waliandika hivyo, isipokuwa msichana mmoja mpole aliyekaa karibu na dirisha. Yeye aliandika: "Hubadilika. Ardhi ikitetemeka, mawe ya chini huhama, na uzito huhama pamoja nayo."

Nilitia alama nyekundu ya kosa, kubwa kuliko ilivyolazimu. Aliponijia kuuliza sababu, nilimwuliza alikopata maneno yale. Alisema babu yake, aliyekuwa akichunga upande wa Magadi, alimsimulia kwamba ardhi ilipotikisika zamani, nchi haikubaki kama ilivyokuwa. Nikamwambia mbele ya wenzake asichanganye hadithi za babu na sayansi. Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nalo.

Walakini mimi nilikuwa mtu wa mwisho aliyestahili kucheka. Mwezi wa Julai 2007 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari katika Kajiado. Kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Tetemeko kubwa kuliko yote, la kipimo cha 5.9, lilitokea tarehe 17 karibu na mlima Gelai na Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Hata Nairobi watu walitoka mbio katika majumba marefu. Sisi tulitoka mabwenini tukalala uwanjani, tumejifunika mablanketi, katika baridi ya Julai ambayo mwenyeji wa nyanda hizi haisahau. Nakumbuka nilivyolaza kiganja changu chini, nikiungojea mtikisiko mwingine, kama mtu apimaye mpigo wa moyo wa mgonjwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mlima Ol Doinyo Lengai, ulio jirani na ziwa hilo, ulianza kulipuka kwa nguvu. Wataalamu walieleza baadaye kwamba mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza chini ya ardhi kama kabari na kuipanua. Basi mawe yalihama kweli. Nilikuwako, niliuhisi mtikisiko wake kwa kiganja changu, na miaka 15 baadaye nikamcheka mtoto aliyesema hivyo.

Jioni moja mwaka 2023, nikitayarisha somo la matetemeko ya ardhi, nilisoma habari za setilaiti mbili zilizoitwa GRACE, ambazo kazi yake ilikuwa kupima uvutano wa dunia mwezi baada ya mwezi. Nilisoma nusu ukurasa tu, nikajua kwamba alama yangu nyekundu ilikuwa ya uongo. Lakini wakati huo msichana yule hakuwapo tena darasani. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wengi wa baba yake, na familia ilikuwa imehama Kitengela kwenda kukaa na ndugu zao karibu na mji wa Kajiado.

Sasa nifuate polepole, msomaji, ili uone mahali nilipokosa. Vitabu vya shule husema kwamba kitu kikianguka, mwendo wake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Tarakimu hiyo ni ya wastani. Katika ikweta kipimo ni 9.78, na katika ncha za dunia ni 9.83, kwa sababu dunia huzunguka na imevimba kidogo kiunoni. Zaidi ya hayo, kila jiwe lililo chini yetu hutuvuta kwa kadiri ya wingi wake na ukaribu wake. Penye mawe mazito uvutano huzidi kidogo. Penye mawe mepesi hupungua. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Edward Bullard alipima uvutano katika Afrika ya Mashariki kwa kuhesabu mabembeo ya pendulamu, akiwa na shabaha ya kujua siri za Bonde la Ufa. Pendulamu ile ile hubembea upesi zaidi kidogo penye uvutano mkubwa, na polepole zaidi penye uvutano mdogo. Basi ikiwa uvutano wa mahali hutegemea mawe yaliyo chini, na mawe hayo yakahama, uvutano utabakije kama ulivyokuwa? Fikira ya msichana yule haikupungukiwa na kitu.

Ushahidi mkubwa ulipatikana katika msiba. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya Bahari ya Hindi ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra. Kipimo cha tetemeko kilikuwa 9.1, na mpasuko ulienea zaidi ya kilomita 1,200. Watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha, wengi wao kwa mawimbi makubwa yaliyofuata. Mawimbi hayo yalivuka bahari yote yakafika pwani yetu, na watu walikufa Somalia, Tanzania na Kenya. Wakati huo setilaiti za GRACE zilikuwa angani tayari. Marekani na Ujerumani zilizirusha tarehe 17 Machi 2002, zikazunguka dunia kutoka ncha hata ncha, kilomita 500 hivi juu yetu, moja mbele na moja nyuma, kilomita 220 kati yao.

Kazi yao ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kutenda. Setilaiti ya mbele ilipokaribia mahali penye maada nyingi, ilivutwa mbele kidogo, na umbali kati ya hizo mbili ukaongezeka. Kisha ya nyuma nayo ilivutwa, na umbali ukapungua. Umbali huo ulipimwa kwa mawimbi ya redio kwa uhakika wa kadiri ya sehemu moja katika elfu ya milimita. Hivyo setilaiti mbili zikawa mizani: badala ya kuangalia mshale, wapimaji waliangalia umbali baina yao.

Wataalamu walichukua ramani za uvutano za kabla ya tetemeko, wakaziondoa katika ramani za baada yake. Hivyo ndivyo afanyavyo mpima malori: hupima lori likiwa na shehena, hulipima likiwa tupu, na tofauti ndiyo shehena. Katika tofauti ile waliona doa kubwa upande wa mashariki wa mpasuko, juu ya Bahari ya Andaman, ambapo uvutano ulikuwa umepungua. Na upande wa pili, ambapo ulikuwa umezidi. Badiliko lilikuwa kadiri ya mikrogali 15. Kipimo hiki kina jina la Galileo, na uvutano wote wa dunia ni karibu mikrogali milioni 980. Ukitaka kuona udogo wake, fikiri lori la saruji la tani 30. Kama lingewekwa mahali penye upungufu huo, uzito wake ungepungua nusu gramu hivi, yaani punje moja au mbili za mahindi. Tena mizani ya kulinganisha kwa mawe isingeona kitu, kwa kuwa jiwe la mizani nalo lingepungua vivyo hivyo. Ingefaa mizani ya springi, na springi ya namna hiyo haipo katika soko lo lote.

Labda utauliza: ikiwa setilaiti zimepima, hesabu ni ya nini tena? Jibu ni kwamba mizani husema uzito umebadilika, lakini haisemi kilichoubadilisha. Hapo ndipo kielelezo cha hesabu kinapohitajiwa. Kielelezo ni dunia ndogo iliyojengwa kwa tarakimu, ambayo mtu aweza kuitikisa bila kuua mtu, kisha akaangalia matokeo.

Ujenzi wake huenda kwa hatua. Kwanza, mtaalamu huandika habari za mpasuko: urefu wake, upana wake, kina chake, jinsi ulivyoinama, na mawe ya upande mmoja yaliteleza mita ngapi juu ya mawe ya upande wa pili. Kwa kuwa mtelezo hauwi sawa kila mahali, huugawa mpasuko katika vipande vingi, na kila kipande hupewa mtelezo wake. Pili, huandika habari za dunia yenyewe, tabaka kwa tabaka: ugumu wa kila tabaka na uzito wa mawe yake. Habari hizi hutokana na mawimbi ya matetemeko, ambayo hupita katika tumbo la dunia kama sauti ipitavyo katika ukuta. Tatu, hukokotoa jinsi kila kipande kilivyosukuma na kuvuta mawe yaliyokizunguka. Mawe, ingawa ni magumu, hunyumbuka kidogo. Mahali pengine sakafu ya bahari hupanda na jiwe zito huchukua nafasi ya maji mepesi, pengine hushuka. Aidha, chini kabisa mawe mengine hubanwa yakawa mazito zaidi kwa ujazo ule ule, na mengine hutanuka yakawa mepesi. Nne, hujumlisha uvutano wa mabadiliko hayo yote, kipande juu ya kipande.

Hata hapo kazi haijakwisha. Setilaiti zile hazioni kitu kidogo. Jicho lao huona maeneo yenye upana wa mamia ya kilomita tu. Kwa hiyo hesabu nayo hutiwa ukungu wa kadiri hiyo, ili ifanane na kile ambacho jicho lile lingeweza kuona. Tena katika vipimo hapana budi kuondoa mambo mengine yote yenye uzito: mvua zilizonyesha, mito iliyofurika, hewa iliyosukumwa na upepo, maji ya bahari yaliyokupwa na kujaa. Kila moja huvuta setilaiti, na mengine huzidi tetemeko lenyewe. Asiyeondoa mvua ataisingizia ardhi. Baada ya hayo yote, ndipo hesabu na kipimo huwekwa ubavu kwa ubavu. Zikikubaliana, vema. Zisipokubaliana, mtaalamu hatakiwi kukikasirikia kipimo. Hurudi akaangalia alichosahau.

Kwa tetemeko la 2004, kupanda na kushuka kwa sakafu ya bahari peke yake hakukutosha kueleza doa lile. Ilibidi kuhesabu pia kutanuka kwa mawe yaliyo ndani sana, jambo ambalo hapana jicho liliwezalo kuliona. Na katika miaka iliyofuata doa lilianza kujazika polepole, kwa sababu chini ya gamba la dunia mawe ya moto huendelea kujongea muda mrefu baada ya mtikisiko kukoma. Aliyesema kwamba nchi haikubaki kama ilivyokuwa alikuwa na haki mara mbili.

Yafaa ujue pia kwamba hesabu ilitangulia mizani. Mwaka 1987 Benjamin Chao na Richard Gross walichapisha hesabu za jinsi matetemeko yanavyobadili uvutano wa dunia na mzunguko wake, miaka 15 kabla ya setilaiti za GRACE kurushwa. Wakati ule hapakuwa na chombo cha kuwathibitisha. Kama kila mwenye mizani pungufu angekuwa na ruhusa ya kutia alama nyekundu, kazi yao ingeishia kapuni.

Na je, mitetemeko yetu ya 2007? Kutoka kipimo cha 5.9 mpaka 9.1 tofauti yaonekana ndogo, lakini kila hatua moja ni nguvu mara 32 hivi. Tetemeko la Sumatra lilitoa nguvu karibu mara 60,000 ya lile la Natron. Setilaiti za GRACE hazikuweza kuliona la kwetu, kama vile mizani ya malori isivyoweza kupima punje ya mtama. Lakini punje ya mtama ina uzito, na hesabu ile ile huweza kuutaja. Kisichoonekana katika mizani yetu si sawa na kisichokuwapo. Hilo ndilo kosa langu, msomaji: nilidhani kwamba pale mizani ya kitabu changu ilipokoma, dunia nayo ilikoma.

Usidhani elimu hii ni pambo la wenye nafasi. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa liliipiga Japani. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba badiliko la uvutano la tetemeko lile lilikuwa limeonekana katika vipimo kabla ya mawimbi ya mtikisiko kuwasili. Mawimbi ya mtikisiko huenda kilomita chache kwa sekunde. Badiliko la uvutano huenda kwa kasi ya mwanga. Wakionyesha hivyo, walieleza kwamba habari hiyo huweza kusaidia kujua ukubwa wa tetemeko kubwa sana katika dakika chache tu. Kwa watu wa pwani wanaongojewa na wimbi la bahari, dakika chache ni uhai.

Jumamosi moja nilipanda matatu kutoka Kitengela, nikapita Isinya, nikashuka Kajiado. Upepo ulikuwa ukivumisha vumbi, na migunga kando ya barabara ilikuwa imeanza kuchipua, kwa maana mvua ilikuwa imerudi. Nilielekezwa nyumbani kwao, nje kidogo ya mji. Msichana aliponiona aliinamisha kichwa, kama desturi ya watoto wa Kimaasai mbele ya mkubwa, nami nikakigusa kwa kiganja. Mama yake alinikaribisha chai. Babu alikuwa ameketi kivulini, fimbo magotini.

Nilisema nilichokuja kusema, tena nikakisema mbele ya wote, kwa kuwa kumwaibisha nilimwaibisha mbele ya watu. Nilimwambia, "Mwanangu, jibu lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosa."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Kwani Mwalimu huweza kukosa?"

"Huweza," nikasema. "Je, huko shuleni unauliza maswali siku hizi?"

"Siulizi, Mwalimu."

Nakuambia kweli, msomaji, jibu hilo fupi lilinilemea kuliko hesabu zote nilizosoma. Alama moja ya kalamu ilikuwa imeziba mdomo wa mtoto kwa mwaka mzima, na hapana setilaiti iliyoliona badiliko lile.

Alileta daftari la zamani. Nikaikata alama yangu, nikaandika pembeni "Sahihi," na tarehe. Babu akaomba aelezwe yaliyoandikwa. Mjukuu wake akamfasiria kwa Kimaasai, kwa maneno mengi kuliko niliyoandika mimi, huku akionyesha kwa mikono miwili jinsi setilaiti zinavyofuatana. Mzee aliitikia kwa kichwa, bila mshangao wo wote.

Nilipokuwa nikiaga, msichana alinisindikiza mpaka barabarani. Hatua chache kabla ya kituo aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umesema kwamba mvua ina uzito, na huondolewa katika hesabu. Je, ule ukame uliotuulia ng'ombe, setilaiti ziliuona?"

Nilimjibu kwamba setilaiti za kwanza zilimaliza kazi yao mwaka 2017, na nyingine mbili zikarushwa mwezi wa Mei 2018 kuendeleza kazi ile ile. Hizo huona maji yakipungua katika nchi pana, hata yale yaliyofichika chini ya ardhi, kwa kuwa maji yakiondoka uzito huondoka. Haziwezi kuona kisima kimoja, wala boma moja.

Akafikiri, akasema, "Basi kinachoondolewa na mmoja ndicho kinachotafutwa na mwingine."

Miaka yote niliyofundisha sijapata mwanafunzi aliyenifafanulia somo langu kwa maneno machache kama hayo. Matatu ikaja, nikapanda. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama kando ya barabara, naye alikuwa ameinua mkono, kama afanyavyo mtoto darasani anapotaka kuuliza.

Msomaji kijana, huenda kesho utakuwa mwalimu, au mzazi, au mpimaji wa ardhi. Kuuliza si ujinga. Wahenga wamekwisha kutuambia. Nami nakuongezea neno moja kutoka Kitengela: unaposhika kalamu nyekundu, ulizia kwanza mizani yako ina uwezo gani wa kupima.